Nimeandika vyote anavyovipenda mwanangu, mbona hakuna kinachomkalisha mezani?

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kisauni, Mombasa. Mwanangu wa kiume ana miaka sita na nusu. Alipokuwa na miaka minne hospitalini walituambia ana usonji. Maneno yake ni matatu tu: "maji", "twende" na jina la dada yake. Yuko kwenye kitengo cha watoto wenye mahitaji maalum katika shule ya msingi, na mara moja kwa wiki nampeleka kwa dada mmoja aliyesomea mambo ya tabia za watoto. Dada huyo anamfundisha kukaa mezani, kushika penseli na kuvaa sare mwenyewe.

Mwanzoni dada alinipa karatasi niandike vitu anavyovipenda mwanangu ili tuvitumie kumtuza. Nilifurahi, maana nani amjuaye mtoto kuliko mamake? Niliandika vitano: katuni za kwenye simu, krisps, mabuyu, mpira, na gari lake jekundu la plastiki ambalo hata kulala hulala nalo. Tukapatana kwamba jioni tukishakula, akae mezani afuatishe nukta za mstari mmoja kwa penseli, kisha apate kimoja kati ya hivyo.

Siku za kwanza alikaa kwa sababu ya krisps. Wiki haikuisha akawa anausukuma mkono wangu. Mpira anautazama tu. Gari nikimwahidi, anainuka na kwenda kulichukua mwenyewe kitandani. Simu ndiyo imenishangaza zaidi. Tukiwa kwenye matatu au tukiwa na wageni, akianza kupiga kelele nampa simu na ananyamaza papo hapo, kuirudisha ni vita. Lakini nikimwambia "andika kwanza, halafu simu", hata hageuki.

Mavyaa wangu, ambaye tunaishi naye, asema namlea mtoto kwa hongo. Eti babake mtoto alijifunza kuvaa bila ya mabuyu. Mume wangu yeye asema mtoto hapendi kusoma, nimwache.

Kitu pekee anachokikimbilia bila kuitwa ni mfereji wa uani. Maji yakitoka atasimama hapo mpaka nguo zilowe, na nikimtoa analia. Hilo sikuliandika kwenye karatasi kwa sababu ndiyo tabia tunayotaka aiache.

Na kuna jingine. Dada yake ana miaka tisa, anapenda sana kuchora. Ili mdogo wake apate wa kumwiga, nikaanza kumpa shilingi 20 kwa kila picha. Sasa kabla hajashika karatasi ananiuliza, "Leo nalipwa?" Nimeharibu wapi?

Mama wa wawili, Kisauni

*

Marahaba, mama.

Nianze na simu, maana jibu la sehemu kubwa ya barua yako liko hapo, na umeliandika kwa mkono wako.

Unasema simu haifanyi kazi. Inafanya kazi, tena sana, ila inalipa kelele. Mtoto akipiga kelele kwenye matatu, simu inakuja. Akipiga kelele mbele ya wageni, simu inakuja. Kwa hiyo kuna njia mbili za kufika kwenye katuni zile zile: ya kwanza ni kelele za sekunde chache, ya pili ni kufuatisha nukta kwa vidole ambavyo bado haviwezi kuibana penseli. Mwanao amechagua ile rahisi, kama ambavyo mimi na wewe tungechagua. Anachokuonyesha ni bei aliyoizoea.

Watu wa fani hii ya tabia, tangu enzi za mwanasaikolojia B. F. Skinner, hawakiiti kitu chochote tuzo kwa sababu kinapendeza au kwa sababu mtoto alitabasamu alipopewa. Wanatazama kilichotangulia. Kama kile alichokifanya kabla ya kupewa kinazidi kutokea siku zinazofuata, basi kitu hicho kina nguvu. Kisipozidi, kitu hakina nguvu kwa mtoto huyo, kwa kazi hiyo, kwa saa hiyo, hata kiwe kinapendwa namna gani. Karatasi uliyoijaza inaeleza mwanao anapenda nini. Dada wa kituoni, yule anayemfundisha mwanao kila wiki, anahitaji kujua mtoto atafanyia kazi nini, na majibu ya maswali hayo mawili hukutana mara nyingi lakini si kila mara.

Sasa tazama saa yenu. Krisps mnampa baada ya chakula cha jioni. Tumbo limejaa wali, nani ana haja ya krisps? Siku za kwanza zilikuwa na ugeni wake, ugeni ukaisha. Gari jekundu liko kitandani kutwa, halina mlinzi, kwa hiyo kumwahidi gari ni kumwahidi kitu ambacho tayari ni chake. Ndiyo maana aliinuka akaenda kulichukua. Mimi naona hapo alikuwa na akili kuliko mpango wenu.

David Premack, mwanasaikolojia wa Marekani, alilionyesha jambo hili mwaka 1959 kwa watoto wa darasa la kwanza. Aliwawekea mashine mbili, moja ya kucheza na vigololi na nyingine ya kutoa peremende, akaangalia kila mtoto anaelemea wapi akiwa huru. Kisha akaweka sharti. Waliopenda kucheza walikubali kula peremende nyingi zaidi ili wapate kucheza, na waliopenda peremende walicheza zaidi ili wale. Peremende, ambayo sote tungeapa kuwa ni tuzo ya mtoto yeyote, kwa wengine ilikuwa ndiyo kazi yenyewe. Mwaka 1974 William Timberlake na James Allison waliongeza jambo linalokuhusu zaidi wewe: kinacholeta nguvu ni kule mtoto kupata kitu chini ya kiasi alichozoea kukipata akiwa huru. Kinachopatikana kutwa hakinunui chochote, na kitu cha kawaida tu kikiadimika kidogo kinaweza kununua mengi.

Tuje kwenye orodha yako. Umeniandikia maneno matatu ya mwanao: maji, twende, na jina la dada yake. Hakuna hata moja kati ya hayo matatu kwenye vitu vitano ulivyompa dada wa kituoni. Mtoto mwenye maneno matatu ameyachagua kwa shida, na mara nyingi huwa ni ya vitu anavyovitaka kweli. Mimi ningeanzia hapo.

Na wala si wewe peke yako. Mwaka 1988 watafiti wa Marekani walilinganisha maoni ya wafanyakazi waliowahudumia watu wenye ulemavu mkubwa na matokeo ya kuwapima watu hao wenyewe kwa kuwaletea vitu. Maoni na vipimo havikulingana, na vitu vilivyosifiwa na wafanyakazi tu, bila kuthibitishwa na kipimo, havikuwa vya kutegemewa kama tuzo. Nao walikuwa watu wa kukaa nao kutwa. Kumjua mtu kwa mapenzi ni kitu kimoja, kujua atanyoosha mkono wapi vikiwekwa vitu viwili mbele yake ni kitu kingine.

Kipimo chenyewe hakina mashine. Hapo zamani walikuwa wakileta kitu kimoja kimoja na kutazama kama mtu anakifuata, lakini kuna watoto wanaokifuata kila wanacholetewa, kwa hiyo hujui kipi ni zaidi. Mwaka 1992 Wayne Fisher na wenzake wakapendekeza vitu vije kwa jozi ili mtoto achague. Wewe fanya hivyo hivyo, lakini si baada ya kula na si akiwa na usingizi.

Weka vyakula kando kwanza. Vyakula vikichanganywa na vitu vya kuchezea, kwa watu wengi chakula hukaa juu na kuvifunika vingine, nawe ukadhani vile vingine ni bure. Anza na vinne: simu yenye katuni, mpira, gari, na beseni dogo la maji lenye kikombe. Kaeni mkekani, muonjeshe kila kimoja kwa muda mfupi ajue kilichopo. Kisha weka viwili mbele yake, vyote umbali sawa na mkono wake, useme "chagua", unyamaze. Usikiangalie unachokitaka wewe, watoto wanasoma macho. Akigusa kimoja, ondoa kingine, mwache na alichochagua kama nusu dakika. Akivamia vyote viwili, vizuie, anza upya. Asipogusa kitu kwa sekunde kadhaa, ondoa vyote, endelea na jozi nyingine. Badilisha pande, maana kuna mtoto atachukua cha kulia kila mara hata ukimwekea jiwe. Kwa vitu vinne kila kimoja kukutana na kila kingine ni mara sita tu. Andika alichochukua. Rudia siku nyingine mbili tatu, uone kama mpangilio unasimama.

Nadhani maji yatashinda, lakini usinisadiki mimi, msadiki yeye.

Kabla hujatumia maji, mama, nisikilize vizuri hapa. Watoto wengi wenye usonji huvutwa na maji, na kuzama ni miongoni mwa hatari kubwa zinazowapata. Kwa hiyo maji ya tuzo ni beseni lenye maji ya kimo cha vidole vitatu, wewe umekaa pale pale, na yakiisha muda unayamwaga. Kisima na tangi vifunikwe kwa kitu asichoweza kukiinua. Najua pia bei ya mtungi wa maji Mombasa mfereji ukikauka. Kama nyumba ina kisima cha maji ya chumvi, hayo yanatosha kabisa, mtoto anataka kuyamimina, hataki kuyanywa. Na akisema "maji" kwa kiu, mpe anywe mara moja bila sharti lolote. Maji ya kunywa, chakula cha kila siku, choo na kukumbatiwa havifanyiwi biashara. Tunachokipimia ni ziada.

Umesema mnataka aiache tabia ya mfereji. Hamtaweza kumwachisha kwa kumvuta mkono, lakini mnaweza kuipa mahali na wakati: beseni, mezani, baada ya nukta. Mfereji wa uani ukibaki wazi kutwa, beseni nalo litakuwa kama lile gari la kitandani.

Kisha ndipo mjaribu kama linafanya kazi. Kwa siku mbili tatu mkalishe bila kuahidi kitu, uhesabu nukta anazounganisha. Halafu anza beseni. Mwanzoni usimdai mstari mzima. Mdai nukta mbili, na penseli ikifika ya pili tu, beseni liko mbele yake, si "ngoja nimalize kuosha vyombo". Nusu dakika ya kumimina, funika, nukta mbili tena. Hesabu ikipanda na ikakaa juu, umepata. Isipopanda, hata kama alicheka kwenye maji, hujapata, tafuta kingine.

Kazi iongezwe polepole, na hapa kuna jambo linalowachanganya wazazi na walimu pia. Iser DeLeon na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba vitu viwili vinaweza kuonekana sawa kabisa kazi ikiwa ndogo, lakini kazi ikizidi kimoja kinaachwa na mtu anang'ang'ania kingine. Kwa hiyo kitu kilichonunua nukta mbili si lazima kinunue mstari. Ukiona amekwama, usimwongezee tuzo kwanza. Angalia penseli. Kuna watoto ambao mikono yao haijapata nguvu, wanahitaji kalamu nene, kuchora kwenye mchanga, kufinyanga unga wa chapati. Hakuna krisps za kumpa mtoto uwezo asiokuwa nao. Mume wako akisema mtoto hapendi kusoma, mwambie bado hatujajua, kwa sababu mpaka sasa kazi ilikuwa ngumu na malipo yalikuwa hafifu.

Mpira usiutupe. Kitu kinachoshindwa kwenye jozi kinaweza kufanya kazi kikiwa peke yake, kisipokuwa na mshindani mbele ya macho. Utakufaa siku ambayo maji hayapo.

Kuhusu sare, beseni halifai, utamvalisha mara mbili. Tumia "twende". Kila asubuhi mnatoka kwenda shule kwa vyovyote vile, basi kule kutoka kuje baada ya kitu. Mvalishe yote, umwachie kuvuta soksi moja tu mpaka juu, na ikifika juu useme "twende", mlango ufunguke hapo hapo. Soksi ikizoeleka, mwachie na kiatu. Ni tuzo isiyokugharimu hata senti, na hata siku dada wa kituoni akihama, mlango utabaki pale pale.

Simu nayo ibadilishe njia. Kabla hamjapanda matatu, akiwa bado ametulia, mpe kwa dakika chache, umwondolee sababu ya kupiga kelele. Zikianza kelele, usiitoe. Nakuonya, siku za mwanzo zitapanda kabla ya kushuka, na abiria watakutazama. Kama hujawa tayari kustahimili hilo, usianze wiki hii, kwa sababu kukataa halafu kutoa baada ya dakika kumi ni kumfundisha apige kelele za dakika kumi.

Hapa ndipo nampa mavyaa wako nusu ya haki. Analolichukia yeye, mtoto kupewa kitu ili anyamaze, limo nyumbani kweli, na ndilo hilo la simu. Beseni linalokuja baada ya kazi ni jingine. Yeye mwenyewe bila shaka anajua kumwambia mjukuu "malizia chakula ndipo utoke ukacheze", na hajioni anahonga. Usibishane naye kwa maneno. Mpe daftari, yeye ndiye awe mwenye kuhesabu nukta jioni. Bibi akishaona hesabu yake mwenyewe inapanda, nadhani hutasikia tena habari ya mabuyu.

Sasa binti. Yeye alikuwa akichora bila kulipwa, na hapo ndipo penye tofauti na mdogo wake. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett waliwachukua watoto wa chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford waliokuwa wakipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe wakichora. Wengine walipewa cheti hicho kwa kushtukiza baada ya kuchora, na wengine hawakupewa kitu. Wiki moja mbili baadaye, kalamu zikiwa zimewekwa tu darasani, wale walioahidiwa walichora kwa karibu nusu ya muda wa wenzao. Waliopewa kwa kushtukiza hawakupungua. Wanasaikolojia wamebishana miaka mingi kuhusu ukubwa wa madhara haya, na wapo wasioyaogopa sana, lakini hakuna anayekushauri ulipie kitu ambacho mtoto tayari anakifanya kwa raha zake.

Kwa hiyo acha shilingi 20 za picha. Mwambie wazi, "Kuchora ni kwako, sikulipi tena," na usimnunie akisusa kwa muda. Karatasi na rangi ziwepo mahali anapozifikia. Ukiona picha nzuri, zungumza naye juu ya picha yenyewe: huyu ni nani, mbona jahazi lina matanga mawili. Kama unataka kumpa pesa, mpe kwa kazi asiyoipenda, kama kukunja nguo. Na kumbuka jina lake ni moja ya yale maneno matatu. Mkalishe meza moja na mdogo wake, yeye achore, na kaka akimaliza nukta zake dada ndiye amsukumie beseni. Huenda kumpata dada ni nusu ya tuzo.

Ukienda kituoni mara nyingine, usibebe orodha mpya. Beba daftari la mavyaa wako na matokeo ya zile jozi. Halafu muulize dada swali moja: kabla ya kuanza somo, huwa anampa mtoto nafasi ya kuchagua atafanyia kazi nini siku hiyo? Mtoto hubadilika toka asubuhi hadi jioni, seuze wiki hadi wiki. Kama bado hafanyi hivyo, mwombe aanze, inachukua dakika mbili tu.